Koki ya mafuta kwenye pikipiki kuukuu: kuikarabati, kununua kopi au kusaka orijino?

Pikipiki ya zamani ikianza kudondosha petroli kwenye koki, ile bomba ndogo ya kufungulia na kufungia mafuta chini ya tangi, washauri hujitokeza wenyewe. Wa kwanza atasema badilisha raba tu. Wa pili atasema koki ni ya mia chache, tupa hiyo ununue nyingine. Wa tatu, mara nyingi mzee aliyepewa Yamaha AG100 enzi zake za kutembelea wakulima, ataapa kwamba orijino haina mpinzani. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea pikipiki yake.

Ulinganisho huu ni wa mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma mwenye Honda CG125 au XL, Yamaha AG100 au DT, Suzuki ya miaka ile, au hata Boxer iliyozeekea kazini. Ameshikwa katikati na hajui aende wapi. Sitamwambia njia moja inashinda zote. Nitamwambia tu aifungue koki yake kabla ya kufungua pochi, kwa sababu jibu liko kwenye chuma kilichomo ndani, na raba inafuata nyuma.

Kabla ya kuilaumu koki

Koki hubeba makosa ya wengine. Pikipiki inayozima baada ya kilomita chache, ikapumzika kidogo halafu ikawaka kama kawaida, mara nyingi inalia kwa sababu ya kifuniko cha tangi. Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa. Vumbi la barabara likichanganyika na unyevu wa petroli, kitundu kinaziba. Petroli nayo haishuki kama hakuna hewa ya kujaza nafasi yake. Siku ikizima hivyo, fungua kifuniko palepale barabarani. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, kisha injini ikashika mara moja, safisha kifuniko na uiache koki ya watu.

Kosa la pili ni la sindano ya floti kwenye kabureta, ile inayofunga petroli kabureta ikishajaa. Petroli ikitokea kwenye kijipaipu cha chini cha kabureta, sindano haifungi. Lakini hapo koki nayo inajieleza: ukiifunga, petroli inapaswa kukauka baada ya kabureta kumaliza iliyokuwa ndani. Isipokauka, una makosa mawili kwa pamoja, na hilo si jambo la kuchekea. Petroli itapita usiku kucha hadi kwenye silinda, na kwa injini ya foo-stroku itateremka mpaka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, au kiwango cha oili kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe. Mwaga oili hiyo kwanza, maana imekuwa nyepesi na haiwezi tena kulinda injini.

Kipimo cha koki yenyewe hakihitaji fundi. Ukiwa nje, mbali na jiko na sigara, chomoa paipu ya mafuta upande wa kabureta na uiingize kwenye chupa ya soda ya kioo. Weka mkono wa koki kwenye OFF na ungoje kama saa moja hivi. Tone lolote ndani ya chupa ni ushahidi. Kisha weka ON: mkondo utoke sawasawa, usianze kwa nguvu halafu ukafifia. Ukififia, fungua kifuniko cha tangi uangalie kama unarudi. Malizia na RES, yaani rizavu, ile akiba ya mwisho ya tangi, kwa sababu kuna koki inayopitisha vizuri kwenye ON lakini rizavu imekufa siku nyingi, na mwenyewe hujua siku ameishiwa mafuta katikati ya Ahero na Sondu.

Tutapima kwa vipimo gani

Kila njia nitaiweka kwenye mizani ileile. Kwanza, hali ya bodi: je, njia hii inategemea uzima wa koki uliyo nayo? Pili, upatikanaji hapa Magharibi na Bonde la Ufa, bila kusubiri meli. Tatu, gharama kamili, yaani bei ya dukani pamoja na petroli inayopotea na safari ya kurudi kwa fundi. Nne, namna inavyokaa kwenye tangi na kuelekea kabureta. Tano, kazi yenyewe na ujuzi unaotakiwa.

Lakini kuna swali linalotangulia hayo yote, nalo ni tangi. Chungulia ndani kwa tochi (ya LED, si kiberiti, na najua kwa nini nasema hivyo). Ukiona kutu ya rangi ya chungwa, hakuna koki itakayodumu humo. Chembe za kutu zinakaa kati ya raba na chuma, zinachora mifereji, na baada ya muda koki mpya inavuja vilevile. Tangi la kutu lisafishwe kwanza. Anayelipia koki ya orijino na kuifunga kwenye tangi bovu amenunua hasara kwa bei ya juu.

Njia ya kwanza: kuikarabati ile ile

*Hali ya bodi.* Hapa ndipo kila kitu kilipo. Koki ya kawaida ya mkono ni kitu rahisi: bodi ya aloi, mkono, raba ya duara yenye matundu, springi ya bati yenye mawimbi, na kibati cha mbele kinachoshikwa na skrubu mbili. Upande wa tangi kuna oringi, chujio la wavu na kijibomba kinachosimama ndani ya petroli. ON hunyonya kupitia ncha ya juu ya kijibomba hicho. RES hunyonya kutoka chini, na tofauti ya urefu kati ya hizo mbili ndiyo rizavu yako.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yakiingia tangini hukaa chini kabisa, na chini kabisa ndiko koki iliko. Pikipiki inayolala nje msimu wa masika, kifuniko kikiwa na raba iliyochoka, hunywa maji kila usiku. Maji hayo hula aloi. Ukifungua utakuta unga mweupe, na chini ya unga huo vishimo. Ufute unga huo kwa kitambaa, halafu pitisha ukucha polepole pale raba inapolalia. Ukucha ukiteleza, koki yako ina maisha bado. Ukiwa unakwama kidogo, jaribu kusawazisha: kipande cha kioo bapa, msasa wa maji namba 400 kisha 800, matone ya mafuta mepesi, na mkono unaozunguka kwa umbo la nane ili usile upande mmoja. Vishimo vikibaki baada ya hapo, usijidanganye kwamba raba mpya itavijaza.

Aina nyingine zina kikombe cha uchafu chini. Kifungue kwa uangalifu, kwani nyuzi zake ni za aloi na zikikatika bodi imekwisha. Nyufa nazo hazina dawa. Aloi hiyo haikubali kulehemu.

*Upatikanaji.* Seti za raba za aina zinazotembea sana zipo kwenye maduka ya spea za pikipiki mjini. Za mashine adimu unaweza kuulizia hadi Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja kama kifurushi kwenye matatu. Shida huanza seti inapokosekana, mtu akaamua kujikatia.

Nimeona pale Kibuye, Kisumu, koki ya AG100 ikifunguliwa kwa sababu pikipiki ilikuwa inakosa nguvu ikipanda. Ndani kulikuwa na raba iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, matundu yametobolewa kwa msumari wa moto, kazi safi kwa macho. Lakini tyubu haikutengenezewa petroli. Ilikuwa imevimba kama mandazi, matundu manne yamebaki vidoa, na mafuta yanapita kwa kusukumana. Mwenye pikipiki alikuwa ameshanunua plagi na jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia petroli. Fundi aliichomoa raba ile kwa ncha ya bisibisi, akaiweka mkononi mwake bila kusema kitu.

Raba ya petroli ni ya naitraili, au Viton kama mfuko unaruhusu. Oringi za bomba la maji kutoka hadweya nyingi hazikutengenezewa petroli, hata zikitosha kama zimezaliwa pamoja na koki. Na ile silikoni ya gasketi iliyojaa kila karakana iache mbali: petroli inailainisha, vipande vinakatika na vinaenda kukaa kwenye jeti.

*Gharama.* Ya chini kuliko zote, mradi bodi ni nzima. Raba na oringi mbili hazifikii bei ya koki kamili. Lakini ukikarabati bodi mbovu, unalipa mara mbili, na petroli iliyodondoka katikati hakuna wa kukurudishia.

*Kukaa sawa.* Hapa haina mpinzani. Matundu ya boliti ni yaleyale, pua ya koki inaelekea palepale, rizavu ina kiasi kilekile ulichokizoea.

*Kazi.* Spana namba 10 kwa boliti mbili za tangi, bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwa skrubu za mbele, kitambaa cheupe cha kupangia vitu kwa mpangilio uliotoka. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa upande ambao raba imelalia na kibati kilivyogeuzwa. Angalia washa za boliti za tangi: mara nyingi si za chuma, ni za plastiki au faiba, na nazo zinazuia petroli. Zikipotea, koki mpya kabisa itavuja kwenye boliti na lawama itaangukia raba. Ukilazimika kubadilisha boliti, chukua za urefu uleule. Ndefu zaidi hugonga mwisho wa tundu, zinahisi zimekaza kumbe koki haijabanwa.

Kabla ya kurudisha kwenye tangi, weka OFF na upulize kwenye pua kwa kijipaipu safi. Hewa isipite. Jaribio hili la pumzi limeniokolea petroli nyingi.

*Inamfaa nani.* Mwenye bodi nzima, mwenye pikipiki adimu ambayo koki yake haipatikani, na mtu anayependa kujua mashine yake. Haimfai mwenye haraka ya kurudi steji mchana huohuo kama bado hajui ndani kuna nini.

Njia ya pili: kopi mpya ya dukani

Mazungumzo huenda hivi kwa fundi:

"Bosi, hii koki imekwisha. Nunua ingine tu."

"Fungua kwanza tuone, fundi."

"Sasa tutafungua ya nini na mpya iko hapo ng'ambo ya barabara?"

Na fundi ana hoja. Muda wake una bei, na bodaboda iliyosimama haileti kitu nyumbani.

*Hali ya bodi.* Haina maana tena, yote mapya. Ndiyo faida kubwa ya kopi. Koki iliyopasuka, iliyoliwa na maji au iliyokatika nyuzi inapata jibu siku hiyohiyo.

*Upatikanaji.* Rahisi, hasa kwa Boxer, TVS na mashine zenye injini ya mtindo wa CG. CG125 ilianza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970, na muundo wake ukaigwa mno na viwanda vya China, ndiyo maana spea zake ziko hadi masokoni vijijini. Ila usidanganyike: injini kufanana hakufanyi matangi kufanana. Kwa AG100 au XL unaweza kuzunguka Nakuru nzima ukapewa "inaingiliana" isiyoingiliana.

*Gharama.* Kwa aina za bodaboda ni mia chache za shilingi, chini ya kile wengi huingiza kwa siku nzuri. Kudumu ni bahati. Nyingine hukaa miaka, nyingine mkono unalegea kabla raba haijazoea petroli. Nadhani tofauti kubwa iko kwenye raba ya ndani na springi, na hizo huwezi kuziona kwenye pakiti.

*Kukaa sawa.* Hapa ndipo ubebe koki ya zamani mkononi hadi dukani, usiende na jina la pikipiki tu. Weka zote mbili kwenye kaunta, uso kwa uso. Umbali kati ya matundu mawili ya boliti ulingane kabisa. Ukipishana kwa milimita mbili, oringi inabanwa upande mmoja. Kama ni ya nati moja kubwa, jaribu nyuzi kwa vidole bila kulazimisha. Tazama pua: unene wake uwe sawa na paipu yako na mwelekeo wake usiifanye paipu kupinda hadi ijikunje au kuegemea injini yenye moto. Halafu kijibomba cha ndani. Kopi nyingi huja na kifupi, nyingine hazina kabisa. Kikiwa kifupi rizavu yako inapungua, kikikosekana ON na RES ni kitu kimoja, na siku tangi litakapokauka hutaonywa.

Tazama na wavu. Ukiwa na matundu makubwa kuliko wa zamani, ongeza chujio dogo la plastiki angavu kati ya koki na kabureta. Hakikisha paipu inateremka muda wote, maana petroli hii inashuka kwa uzito wake tu na paipu ikipanda juu katikati hewa hukwama.

*Kazi.* Nyepesi. Mwaga tangi, boliti mbili, oringi mpya, rudisha. Pua inatazama wapi uliona kabla ya kununua, kwa hiyo hakuna mshangao.

*Inamfaa nani.* Mtu wa bodaboda anayekula kwa pikipiki, mwenye koki ambayo bodi yake imekufa, na mwenye mashine ya kawaida ambayo koki yake inafahamika kwa kila fundi. Anayejali rizavu yake kwa sababu ya safari za mbali aikague mara mbili.

Njia ya tatu: orijino, mpya au ya kutolewa

Orijino ni za namna mbili hapa kwetu: mpya kwa wakala au kwa kuagiza, na ya kutolewa kwenye pikipiki iliyokufa.

*Hali ya bodi.* Kwa mpya hakuna swali. Ya kutolewa ipitishe kwenye jaribio lile la ukucha na lile la pumzi, kama vile ungefanya kwa yako. Kuna wanaonunua koki ya kutolewa kwa sababu ni "Japani kabisa" halafu wanakuta imeliwa kuliko ile waliyoitoa.

*Upatikanaji.* Nenda na namba, si na maelezo. Kwa Honda, namba ya koki kamili huanza na 16950. Kwa Suzuki huanza na 44300. Kwa Yamaha, tarakimu za katikati ni 24500, na zile za mbele hutaja modeli. Zilizobaki zinategemea mwaka na modeli, kwa hiyo chukua namba ya fremu ya pikipiki yako uende nayo. Wakala akiwa na namba ya fremu hakupi "ya kufanana". Kwa mashine iliyoacha kutengenezwa zamani, uwe tayari kuambiwa haipo na haitakuja. Ya kutolewa hupatikana kwa mafundi wanaovunja pikipiki. Ulizia Kondele ya Kisumu, ulizia Bondeni ya Nakuru, na uulizie hata wale waliokuwa wakihudumia pikipiki za mashirika na maafisa wa kilimo. AG100 nyingi zilipitia mikono yao.

*Gharama.* Mpya ndiyo ghali kuliko zote, na usafiri huongezeka juu yake. Ya kutolewa inategemea mdomo wako. Ila hesabu na seti ya raba, kwa sababu raba ya koki iliyokaa kavu miaka mingi imegeuka ngumu kama haijapasuka. Kwa hiyo koki ya kutolewa, ukiitazama vizuri, ni njia ya kwanza iliyoanza na bodi ya mtu mwingine.

*Kukaa sawa.* Mpya inakaa kama ilivyotoka kiwandani, ikiwa namba ni sahihi. Ya kutolewa inakaa vilevile, mradi imetoka modeli ileile. Pikipiki za kampuni moja, hata zenye majina yanayofanana, zinaweza kuwa na kijibomba cha urefu tofauti.

*Kazi.* Sawa na kopi kwa mpya, sawa na ukarabati kwa ya kutolewa.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikipiki anayotaka kukaa nayo, anayeirudisha katika hali yake ya zamani, au anayeishi mbali na fundi kiasi kwamba kuvuja ni balaa. Kwa bodaboda ya kawaida, kusubiri wiki kadhaa kwa kitu ambacho kopi nzuri ingekifanya ni anasa.

Ukiwa na koki ya vakyumu

Suzuki nyingi za zamani, na pikipiki kadhaa kubwa za Kijapani zilizoingia kama mtumba, zina koki isiyo na OFF. Utaona ON, RES na PRI. Hizi hufunguliwa na mvuto wa injini kupitia kijipaipu chembamba kinachovuta dayaframu ya ndani. Injini ikizima, springi inafunga.

Dayaframu ikitoboka, petroli hunyonywa kupitia kile kijipaipu chembamba moja kwa moja hadi kwenye injini. Plagi inalowa, moshi mweusi, ulaji wa mafuta unapanda, na fundi anaweza kuhangaika na kabureta siku nzima. Chomoa kijipaipu cha vakyumu upande wa koki: ukikuta petroli ndani yake, mjadala umekwisha. Dalili nyingine ni injini kufa njaa kwenye ON lakini kukimbia vizuri kwenye PRI, kwa kuwa PRI hupitisha bila kungoja mvuto. Hapo chunguza kwanza kama kijipaipu kimepasuka, ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Zenye skrubu hukarabatiwa kwa seti ya dayaframu. Zenye riveti hazikufanywa zifunguliwe, na ingawa kuna wanaotoboa riveti na kuweka skrubu, mimi singefanya hivyo kwa kitu kinachoshikilia petroli juu ya injini ya moto. Wengi huishia kuweka koki ya mkono badala yake. Hilo linawezekana kwa masharti mawili. Tundu la vakyumu kwenye kabureta au manifoldi (bomba la kuunganisha kabureta na injini) lizibwe kabisa, la sivyo injini itanyonya hewa ya ziada, slo (mzunguko wa injini bila kuongeza mafuta) itapanda na mchanganyiko wa petroli na hewa utakuwa mkavu. Na wewe mwenyewe ujizoeze kufunga koki kila unapoegesha, kwa sababu hakuna tena springi itakayokukumbukia.

Kulingana na hali yako

Kama bodi ni laini chini ya ukucha na tatizo ni tone kwenye OFF au unyevu kuzunguka mkono, karabati. Kwa hili sina shaka. Raba imechoka, chuma hakijachoka.

Kama petroli inavuja kati ya koki na tangi tu, usinunue koki kabisa. Oringi na zile washa mbili ndizo za kutazama, pamoja na uso wa tangi pale koki inapolalia.

Kama una vishimo vinavyokataa msasa, ufa, au nyuzi zilizokwenda, na mashine yako ni ya aina inayojaa mjini, kopi. Ikague kwenye kaunta, uso kwa uso na ya zamani, kama nilivyoeleza, na weka ile ya zamani kwenye kopo nyumbani. Mkono wake, springi na skrubu zitakufaa siku moja.

Kama bodi ni mbovu na pikipiki ni adimu, anza na namba ya fremu kwa wakala. Ukikosa, tafuta ya kutolewa na uinunue pamoja na seti ya raba siku hiyohiyo. Kopi "inayoingiliana" iwe chaguo la mwisho, na hata ukiichukua, pima rizavu: jaza tangi, endesha kwenye ON hadi ikatike, kisha mwaga kilichobaki kwenye chombo cha kupimia. Ukijua ni lita ngapi, unajua utafika wapi.

Kama unaishi kwa pikipiki kila siku na huna muda wa kusimama, nunua kopi leo lakini uikarabati ya zamani jioni moja, uitunze ikiwa tayari. Wenye pikipiki mbili tatu za kukodisha hufanya hivi na huokoa siku nyingi.

Na kama tangi lina kutu, hakuna kati ya hizi tatu itakayokusaidia wiki hii. Safisha tangi, suuza hadi maji yatoke meupe, likaushe kabisa juani, weka chujio la ziada kwenye paipu, ndipo urudi kwenye swali la koki. Ukilazimika kutembea nayo wakati unangoja, funga koki kila unaposimama na umwage kikombe cha uchafu kila Jumamosi.